Nguvu Iliyojificha Haiondoki kwa Minong'ono: Tuiandike

  

Ndugu zetu Waislamu, yapo maswali mawili yanayofanana kwa maneno lakini yanatofautiana kwa uzito. La kwanza ni: nani mwenye cheo? Jibu lake analijua hata mtoto wa shule ya msingi hapa Rungwe Mpya, kwani majina ya Rais, Mbunge, Diwani na Mwenyekiti wa Kijiji huyasikia kila siku. La pili ni: nani mwenye uamuzi? Hapo wazee na wasomi huinamisha vichwa. Kwa sababu katika mambo mengi yanayotugusa, aliyesaini ni mmoja, aliyeamua ni mwingine, na aliyenufaika ni wa tatu, ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote tuliyowahi kuonyeshwa.

Huyo wa tatu ndiye tunayemzungumzia leo. Na tunasema wazi tangu mwanzo: nguvu iliyojificha ipo, inakula haki za watu, na haitaondoka kwa kunong'onezwa barazani baada ya Isha. Itaondoka ikiandikwa. Ikiandikwa kwa majina, kwa tarehe na kwa nyaraka, mahali pamoja, na watu wengi, ili kila mwenye macho aisome na kila mwenye ushahidi aongeze au asahihishe. Kwa Kiswahili cha leo kitabu cha namna hiyo huitwa kamusi elezo. Hoja yetu ni kwamba kamusi elezo ya madaraka yaliyofichwa ni wajibu wa umma huu, na kwamba sisi Waislamu ndio tunaopaswa kuwa wa mwanzo kuijenga, kwani elimu yake ni urithi wetu.

Kinachojificha hasa ni nini?

Tuanze na mambo yaliyothibiti, yaliyosomwa Bungeni na kuandikwa katika kumbukumbu za nchi.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa katika ukame na mgawo mkali wa umeme. Mwezi Juni mwaka huo TANESCO ikaingia mkataba na kampuni ya Richmond ya kuzalisha megawati 100 za dharura. Umeme haukuja kwa wakati uliotakiwa. Kabla mwaka haujaisha mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Kamati ikasoma ripoti yake: kwamba kampuni iliyopewa kazi ya kuokoa Taifa haikuwa na uwezo wa kazi hiyo. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Mwaka 2010 baraza la kimataifa la usuluhishi likaamuru TANESCO iilipe Dowans fidia ya mabilioni ya shilingi.

Ndugu msomaji, pima jambo hili kutoka hapa tulipo. Wakati mikataba hiyo ikisainiwa, Mkoa wetu wa Kigoma haukuwa hata umeunganishwa na gridi ya Taifa. Uliunganishwa mwaka 2022. Mama wa Kasulu na Kibondo aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa kibaba, na kulipa kodi katika kila kipande cha sabuni na kila kilo ya sukari, alikuwa akichangia deni la umeme ambao waya wake haukufika kijijini kwake. Na ambao wamiliki wa kampuni yake hakuwajua, wala hakuwahi kuulizwa.

La pili ni la akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu. Ukaguzi ulionyesha kuwa katika mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22. Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa. Mei mwaka huo huo akafariki dunia Marekani. Katika makampuni hayo, moja lililoitwa Kagoda lilichukua takriban shilingi bilioni 40. Kwa miaka mingi Watanzania wakauliza swali la maneno matatu tu: Kagoda ni nani? Nchi nzima, yenye Bunge, Polisi, magazeti na vyuo vikuu, ikauliza jina la mwenye duka, na duka lenyewe limekwisha kufungwa.

La tatu ni la akaunti ya Tegeta Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka Benki Kuu mwaka 2013. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na mwana wa Kigoma, Zitto Kabwe, ikawasilisha taarifa yake Bungeni. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaachishwa, na mwingine akajiuzulu Januari 2015. Ndani ya mlolongo ule zilimo hisa zilizopitia kampuni iliyosajiliwa katika visiwa vya British Virgin Islands, mahali ambapo mwananchi wa Kasulu hawezi kupaonyesha katika ramani.

Tazameni yanavyofanana mambo haya matatu. Kila mara nguvu ilijificha nyuma ya kampuni, na kampuni ikajificha nyuma ya kampuni nyingine. Kila mara Taifa lilishituka, likapiga kelele mwezi mmoja au miwili, kisha likasahau. Na kila mara waliokuja baadaye walianza upya, kana kwamba hapakutokea kitu, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja palipoandikwa: watu hawa ni hawa, walikuwa na kampuni hii, wakili wao alikuwa huyu, na mlango waliopitia ni ule ule wa mwaka jana. Gazeti liliandika, lakini gazeti baada ya siku tatu hufungia maandazi sokoni. Khatibu alisema, lakini khutba hupita na Ijumaa yake.

Wenye kuvizia vivuli

Sasa tuseme na baadhi ya wahadhiri. Wapo ambao kwa miaka mingi, tangu zama za kanda na sahani za video zilizouzwa nje ya misikiti, kila wanapoulizwa juu ya nguvu iliyojificha hujibu kwa neno moja: Freemason. Noti ina alama ya jicho, jengo lina pembe tatu, msanii fulani ameunyoosha mkono hivi. Msikilizaji hurudi nyumbani ametetemeka, na anajiona amejua siri kubwa ya dunia. Lakini muulize: ni nani aliyepewa zabuni ya kujenga zahanati ya kata yako? Hajui. Ni kiasi gani? Hajui. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inasemaje juu ya Halmashauri yako? Hajawahi kuiona.

Hatuitetei jumuiya hiyo, wala mafundisho yake hatuyakubali. Lakini uadilifu unatulazimisha kusema kweli. Jengo lao liko Dar es Salaam, na hata aliyekuwa kiongozi wao katika Afrika Mashariki, Andy Chande, alijulikana kwa jina lake na akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 2005. Mwaka huo huo ndio makampuni ya EPA yalipokuwa yakichota Benki Kuu. Basi ni yupi aliyejificha? Yule aliyeandika kitabu na jina lake likawa juu ya jalada, au yule aliyechukua bilioni 40 na nchi ikabaki inauliza ni nani?

Hii ndiyo hasara ya uvumi: humfaa yule yule anayejificha. Mwizi halisi hufurahi akiona watu wanakagua alama za noti, kwani hawatakuwa na nafasi ya kukagua idadi ya noti. Na pindi mwenye ushahidi wa kweli anaposimama kusema, hutiwa katika kapu moja na wasema ndoto, akachekwa pamoja nao.

Vivyo hivyo kwa neno "mfumo", ambalo katika mihadhara yetu limekuwa jibu la kila swali. Waislamu wa nchi hii wanayo madai, na baadhi ya madai hayo yana hati. Desemba 1968 Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku na mali zake zikahamia BAKWATA. Hilo ni tukio, lina tarehe. Februari 13, 1998 waumini waliuawa kwa risasi za polisi Mwembechai. Hilo ni tukio, lina tarehe, na Dk. Hamza Njozi alipoliandika katika kitabu mwaka 2000, kitabu kikapigwa marufuku. Februari 21, 1992 Serikali ilisaini Hati ya Makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania juu ya huduma za jamii. Nayo ni hati, ina kurasa na sahihi.

Kwa miaka mingi Waislamu wengi waliisikia Hati ile kama hadithi ya mzimu. Wengine wakaizidishia yasiyomo, wengine wakakana kuwa ipo. Aliye nayo mkononi ndiye peke yake awezaye kujadili kwa heshima: akasema hiki kimo na hiki hakimo, kwamba inahusu shule na hospitali za makanisa, kwamba hospitali hizo, kama ile ya Kabanga hapa Kasulu, hututibia sisi na watoto wetu bila kutuuliza dini, na hilo tunalishukuru, na kwamba pamoja na shukrani hizo lipo swali la haki, kwa nini makubaliano ya fedha za umma na kundi moja la raia yasiwe wazi kwa raia wote. Hoja ya namna hiyo hata Mkristo muadilifu ataikubali. Kelele za "mfumo" bila waraka hazimgusi yeyote ila zinatupandisha presha wenyewe.

Elimu hii ni yetu

Ikumbukwe kuwa hakuna umma uliowahi kuandika habari za watu kwa umakini kama umma huu. Maulamaa wa Hadithi walipoona uongo umeanza kuingia katika maneno ya Mtume (SAW), hawakutosheka na kulalamika. Waliandika majina. Kila mpokezi akaulizwa: ulizaliwa lini, ulikaa mji gani, ulikutana na nani, kumbukumbu yako ilikuwaje, ulipata kujipendekeza kwa mtawala au la. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alikusanya wasifu wa maelfu ya watu katika historia yake ya Baghdad. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, akaandika juu ya Maswahaba na juu ya wapokezi, akiwasahihisha waliomtangulia. Kazi hiyo iliitwa elimu ya wapokezi, na hukumu zake ziliitwa kujeruhi na kuadilisha. Ilifanywa na watu wengi, wa miji mingi, kwa karne nyingi, kila mmoja akiongeza, akipinga na kurekebisha ya mwenzake kwa ushahidi. Hiyo ni nini kama si kamusi elezo ya pamoja?

Na kabla yao tuna mwenendo wa Mtume (SAW) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (SAW) hakulimaliza jambo lile chumbani. Alipanda mimbari akawahoji watu wote wasikie: lau mtu yule angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfikia? Hili ndilo swali lenyewe la nguvu iliyojificha: nani amempa nini mwenye mamlaka, na kwa nini. Likaulizwa hadharani, msikitini, mbele ya jamaa.

Kisha Umar bin al-Khattab (RA) akawa anaandika mali za magavana wake kabla hawajaondoka kwenda kazini, na waliozidisha aliwagawanyia mali zao na kurudisha sehemu katika Baitul Mali. Akamtuma Muhammad bin Maslama kwenda kuchunguza mashtaka ya raia. Sisi leo tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inayowataka viongozi watoe tamko la mali zao. Sheria ni nzuri. Lakini ni nani kati yetu hapa Rungwe Mpya aliyewahi kuona tamko hata moja? Umar aliandika ili raia walindwe. Sisi tunaandika kisha tunafunga kabati.

Wenzetu wamefanyaje?

Tusidhani kuwa jambo hili ni ndoto. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003. Leo hiyo ya Kiswahili ina makala zaidi ya 70,000, zilizoandikwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2003 huko Marekani ikaanzishwa nyingine, ambayo sasa huitwa SourceWatch, yenye kazi moja: kuandika ni nani analipa wasemaji, ni nani yuko nyuma ya taasisi zenye majina mazuri, na ni kampuni gani inaandika sheria kupitia mikono ya wengine. Mwaka 2016 waandishi wa nchi nyingi walishirikiana kusoma Nyaraka za Panama, zaidi ya milioni 11 kwa idadi, na dunia ikaona jinsi wakubwa wanavyoficha majina yao.

Hapa jirani, Serikali ya Kenya iliagiza kampuni ya Kroll ichunguze mali zilizodaiwa kuporwa katika utawala wa Moi. Ripoti ikafika serikalini mwaka 2004 na wananchi wasiione. Agosti 2007 ikavuja kupitia WikiLeaks. Serikali ikasema haikukamilika na ina mambo ya kusikia. Huenda, lakini laiti ingewekwa wazi mapema, yaliyo sahihi yangethibitishwa na yasiyo sahihi yangefutwa. Siri ilimdhulumu mwananchi, na kama yumo aliyesingiziwa, siri ilimdhulumu na yeye pia.

Hata hapa kwetu vipo vipande vya ukweli vimetawanyika bila kukusanywa. Ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu, CAG, hutoka kila mwaka. Ilikuwa katika ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 ambapo takriban shilingi trilioni 1.5 ziliibua mjadala mkubwa nchini, na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, akaondolewa kazini mwaka 2019. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Na tangu mwaka 2020 makampuni yanatakiwa kuwataja BRELA wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaofaidika, japo orodha hiyo haikuwekwa wazi kwa kila raia. Vipande vipo. Anayekosekana ni fundi wa kuvishona.

Masharti ya kazi

Kwa kuwa jambo hili ni zito, tunaweka masharti ambayo bila hayo ni heri lisifanyike kabisa.

Kwanza, hakuna neno bila isnadi. Kila sentensi itaje hati, tarehe na mahali ilipopatikana. Sura al-Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na Sura al-Israa aya ya 36 imetuonya tusifuate tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kisicho na hati kiandikwe kuwa ni swali, kisiandikwe kuwa ni jibu.

Pili, tuandike ofisi, tusiandike kitanda. Aya ya 12 ya sura hiyo ya al-Hujurat imekataza upelelezi na usengenyaji. Ndoa ya kiongozi, maradhi yake na aibu za nyumbani kwake si haki yetu. Haki yetu ni saini yake, zabuni yake, hisa zake na zawadi zake.

Tatu, anayetajwa apewe nafasi ya kujibu, na jibu lake liwekwe kando ya dai kwa herufi za ukubwa ule ule. Lowassa alipojiuzulu mwaka 2008 alilalamika kuwa Kamati haikumhoji. Tumkubali au tumkatae katika mengine, marehemu huyo aligusa jambo la haki: hukumu bila kusikilizwa si uadilifu wa Kiislamu.

Nne, iandikwe na watu wa dini zote. Mkulima Mkristo wa Makere na mkulima Muislamu wa Rungwe Mpya wanaibiwa kwa kalamu moja. Ushahidi haubatizwi wala hausilimishwi.

Tano, iwe na nakala za karatasi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Kisichokuwapo ila mtandaoni kinaweza kuzimwa kwa kidole kimoja. Kila msikiti uwe na jalada lake kabatini, na mwenye simu aiweke na simuni.

Wanaopinga

Yupo atakayesema: hii ni ghiba. Tunamjibu kwa Imam an-Nawawi, ambaye katika Riyadh as-Salihin ameeleza hali sita ambazo kutaja uovu wa mtu huruhusiwa, zikiwemo kushitaki dhulma na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Na Sura an-Nisaa aya ya 148 imemvua aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza uovu. Mali ya umma ikiliwa, aliyedhulumiwa ni nani kama si umma?

Yupo atakayesema: msikiti usiingie katika siasa. Tunamuuliza: Sura al-Baqara aya ya 188, inayokataza kula mali kwa batili na kuwapelekea mahakimu ili kula haki za watu, isomwe wapi kama si msikitini? Hatusemi kichaguliwe chama hiki au kile. Tunasema anayeshika amana ajulikane.

Yupo atakayesema: ni hatari. Huyu tunamheshimu zaidi, kwa sababu anasema kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na tangu mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zimewataka wachapishaji kuwa na leseni. Lakini angalieni: hatari ya kwanza ni ya msema uongo, na dawa yake ni isnadi. Hatari ya pili ni ya msema kweli aliye peke yake, na dawa yake ni jamaa. Ndiyo maana tunasema kamusi elezo ya pamoja. Jambo lililoandikwa na mmoja linaweza kunyamazishwa kwa wito mmoja wa polisi. Lililothibitishwa na mamia, kwa hati za Serikali yenyewe, mwenye kulinyamazisha atalazimika kwanza kueleza amekasirishwa na nini.

Na yupo atakayesema: sisi wa vijijini tuna nguvu gani zilizojificha za kuandika? Ndugu yetu, nguvu hujificha kijijini kuliko mjini. Mjini kuna waandishi. Hapa, nani aliyeamua orodha ya kaya za TASAF? Vocha za mbolea za ruzuku zilipita mikononi mwa nani? Mpaka wa shamba na hifadhi ya msitu ulisogezwa na karatasi ipi, na mhutasari wa kikao hicho uko wapi? Miaka ya mwanzo ya 1970 wazee wetu wa Buha walihamishwa katika operesheni ya vijiji, wakaacha makaburi na migomba yao. Ni wajukuu wangapi wanaoweza kutaja leo nani alikaa mezani akachora mistari ile? Jambo lisipoandikwa na aliyeumizwa, huandikwa na aliyeumiza, na yeye huliita maendeleo.

Tuanzie tulipo

Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa kila jamaa ya msikiti, kuanzia Kasulu na Kibondo.

Kila msikiti uteue vijana wawili au watatu, wa kike na wa kiume, wanaojua kusoma hesabu na kuandika kwa ufasaha. Wahudhurie kila mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu hufanyika kila miezi mitatu, waombe taarifa ya mapato na matumizi, na waiandike. Wasome ripoti ya CAG inayohusu Halmashauri yao na kuifasiri kwa lugha ya barazani. Waandike barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya 2016, watunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa, wahesabu siku 30. Jibu likija, liingizwe. Lisipokuja, hilo nalo liingizwe: tarehe fulani tuliuliza, tarehe fulani tulinyamaziwa. Kunyamaza nako ni waraka.

Lakini ukurasa wa kwanza wa kamusi elezo hii usiwe wa Waziri wala wa kampuni ya ughaibuni. Uwe wa msikiti wenyewe. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Fedha za ujenzi zilitoka kwa nani, nchi gani, kwa masharti gani? Nani wajumbe wa kamati, na waliteuliwa lini na nani? Wakfu wa marehemu fulani, nyumba ile ya kupangisha, kodi yake inakwenda wapi? Mali zilizokuwa za EAMWS na kuingia BAKWATA mwaka 1968 zilikuwa zipi, na ni Muislamu gani wa wilaya hii aliyewahi kuiona orodha yake? Na harakati zetu za mageuzi nazo, pamoja na jarida hili, ziandikwe: nani anachangia, nani anahariri, nani anaamua. Sura an-Nisaa aya ya 135 imetutaka tusimamie uadilifu tukiwa mashahidi wa Allah hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Anayetaka kufungua kabati la Serikali na la kwake akalifunga kufuli, huyo hataki uwazi, anataka zamu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, al-Baqara 282, haikushuka kueleza vita wala miujiza. Imeshuka kutuamrisha tuandike deni, na tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa, na mwandishi asikatae kuandika. Madaraka ni deni. Kila aliyeyashika anadaiwa na kila mwanakijiji wa Rungwe Mpya, awe amemchagua au hakumchagua. Mdai asiyeandika deni lake, siku ya kudai atasimama na nini mkononi?

Basi kalamu zipo, na majalada madukani ni ya bei ndogo. Ijumaa ijayo, baada ya swala, kila jamaa iulizane: vijana wetu watatu ni akina nani, na barua yetu ya kwanza inakwenda ofisi gani?

Wabillahi tawfiq.